Umesikia au Umewaza?

Sisi tuliokulia Bujumbura katika miaka ya 1990 tulifundishwa kuwaza mabaya, na waliotufundisha walikuwa wanatupenda. Vyeti vya kuzaliwa vilikaa ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko ulikaa karibu na mlango. Usilale chini ya dirisha. Ukitumwa dukani, tazama kwanza kama mwenye duka amefungua milango yote miwili au mmoja tu. Wavulana wakijaa kwenye kona, usiulize kuna nini, geuka. Mtaa ukiwa kimya kupita kawaida, geuka. Tulikuwa watoto, lakini tuliusoma mji vizuri kuliko tulivyosoma vitabu vya shule.

Haukuwa woga wa bure. Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa Juni 1993, aliuawa tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo, na nchi ikaingia katika vita vilivyodumu zaidi ya miaka kumi. Kartie, yaani mitaa, za mji zikagawanyika, hawa huku na wale kule. Sisi wa kartie ya Buyenzi tulidhani tutasalimika, kwa kuwa kwetu Mhutu, Mtutsi, Mkongomani na mjukuu wa Mmanyema aliyetoka Ujiji walichota maji kwenye bomba moja na kugombana kwa Kiswahili kimoja. Machi 1995 mapigano yakafika Bwiza, yakafika na kwetu, na watu kwa maelfu wakashika njia ya Gatumba kwenda Uvira. Aliyekuwa amewaza mabaya siku ile alikuwa na mfuko wake tayari.

Kwa hiyo nikimsikia mtu akihubiri kwamba fikra hasi ni kasoro ya tabia, uvivu wa roho, au ukosefu wa imani, huwa nakunja uso. Kwetu zilikuwa akili za kuishi. Jambo lililonisumbua mimi ni jingine: akili ile inafanya nini siku risasi zikinyamaza?

Nilipata jibu polepole, na sehemu kubwa nililipata kwa Shangazi, dada yake baba, aliyekuwa akiuza ndagala, wale samaki wadogo, katika soko la Ruvumera. Wakati wa vita, uvumi ulikuwa ukitembea Buyenzi haraka kuliko pikipiki. Maji yametiwa sumu. Usiku wa leo wanakuja. Fulani ameonekana akihesabu nyumba. Mtu akiingia uani akihema na habari ya namna hiyo, Shangazi hakuacha kupepeta ndagala zake. Aliuliza tu: "Umesikia au umewaza?" Ukijibu kwamba umesikia, alikuwa na la pili: "Kwa nani? Naye alikuwepo?" Mara nyingi mnyororo ulikatika kwa mtu wa pili, na ikaonekana kwamba mtu mmoja mahali fulani aliogopa, akaitoa hofu yake kama habari. Lakini si mara zote. Kuna siku msemaji alisema, "Nimetoka huko sasa hivi, nimeona kwa macho yangu," na Shangazi akafunga gunia bila neno, tukaondoka.

Wakati huohuo kulikuwa na watu katika mji wetu waliofanya kazi hiyo ya Shangazi kwa mishahara. Mwaka 1995 shirika la Kimarekani la Search for Common Ground lilianzisha Studio Ijambo, studio ya redio, mjini Bujumbura. Waandishi wake walikuwa Wahutu na Watutsi, na walitumwa kazini wawiliwawili, huyu na yule, kwa sababu kulikuwa na kartie ambayo mmoja wao asingeingia, na kulikuwa na mashahidi ambao mmoja wao asingeaminiwa nao. Walikwenda mahali penyewe. Walihesabu, waliuliza, walirudi na kilichotokea. Baadaye wakawa na kipindi kilichoitwa Inkingi y'Ubuntu, kilichowatafuta watu waliohatarisha maisha yao kumwokoa mtu wa kabila lingine. Nakumbuka nilivyokisikiliza kwa mashaka. Nilidhani watatunga. Hawakutunga, watu hao walikuwepo, wengine walikuwa majirani, ila hakuna aliyekuwa amekwenda kuwauliza. Mabaya tulikuwa tukiletewa hadi mlangoni, mazuri ilibidi yafuatwe. Nadhani huo ndio mzani halisi wa habari katika kichwa cha mtu aliyepita vita, na mtu asikuambie kwamba unasawazishwa kwa kutabasamu mbele ya kioo.

Mkataba wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, uchaguzi ukafanyika 2005, na nchi ikaanza kupumua. Mimi nikaanza kuuza vitenge katika Soko Kuu, pale katikati ya mji. Nilikuwa na meza nzuri, wateja wa harusi, na mafundi cherehani watatu Buyenzi waliochukua kitambaa kwangu kwa mkopo. Kwa nje ungesema maisha yamenyooka. Ndani, bado nilikuwa nalala na mfuko karibu na mlango. Mtoto akichelewa kutoka shule kwa nusu saa, mimi nilikuwa nimekwisha kumzika. Baba watoto asiposhika simu, amepata ajali au amepata mwanamke. Mteja akisema "nitarudi," nilimjibu "karibu sana" huku moyoni nikisema mwongo. Nilipata nafasi ya kuongeza meza ya pili, nikaikataa. Niliwaambia watu kodi ni kubwa, lakini ukweli ni kwamba nilijiuliza kwa nini nipanue kitu ambacho siku moja kitaharibiwa.

Kuna jambo ambalo watu wenye mawazo ya namna hii hatulisemi. Kutabiri mabaya kuna raha yake. Baya lisipotokea, unashukuru na kusahau kwamba ulikosea. Likitokea, unapata heshima ya nabii: nilijua, niliwaambia. Hesabu haifungwi kamwe upande wa makosa, kwa hiyo mwenye kuwaza mabaya hujiona mwerevu kuliko wote nyumbani, na kila mwaka ushahidi wake unaongezeka.

Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, asubuhi, Soko Kuu likaungua. Magari ya zimamoto ya mji yalikuwa machache mno kwa moto ule. Rwanda ilileta helikopta kusaidia. Moshi ulionekana kutoka kila kartie. Wafanyabiashara wengi hawakuwa na bima, na wengi waliweka fedha zao palepale, ndani ya masanduku chini ya meza, kwa sababu benki ilihitaji karatasi na foleni ilhali sanduku lilihitaji ufunguo tu. Niliona wanaume wazima wameketi chini barabarani wakitazama. Na mimi, katikati ya maangamizi yale, kitu cha kwanza nilichosikia kichwani mwangu kilikuwa: nilijua.

Sikutoka nyumbani siku zilizofuata. Watu walikuja kutoa pole, wakaambiwa nimelala. Shangazi alikuja, akatoa pole mara moja, na baada ya hapo akatoa kwenye kikapu chake daftari la shule, lile la mistari, na kalamu.

"Andika," alisema.

"Niandike nini, Shangazi? Kimebaki nini?"

"Hayo umewaza, mwanangu. Andika tutaona."

Daftari langu la biashara lilikuwa limeungua na meza, kwa hiyo ilibidi nikumbuke. Alinilazimisha kuanza na vilivyoungua, kipande kwa kipande, rangi kwa rangi, na hakukubali niandike "vyote." Nikalia juu ya karatasi, akasubiri. Kisha wanaonidai: mkopo kwenye taasisi moja ya fedha, na muuzaji wa jumla. Kisha, na hapa ndipo nilipoanza kukaa sawa kwenye kiti, vilivyokuwa nje ya soko siku ile. Wale mafundi watatu walikuwa na vitambaa vyangu majumbani mwao. Kulikuwa na wateja waliokuwa hawajamaliza kulipa. Zamu yangu ya upatu ilikuwa haijafika, maana yake fedha zangu zilikuwa zikizunguka mikononi mwa wenzangu na siku moja zingerudi. Cherehani ilikuwa chumbani.

Hasara haikupungua hata faranga moja kwa kuandikwa. Nataka hili lieleweke, kwa sababu mtu anaposimulia habari kama hii, msikilizaji huanza kunusa muujiza. Hakukuwa na muujiza. Nilikuwa nimepoteza sehemu kubwa ya miaka yangu ya kazi. Lakini usiku uliotangulia hasara ile haikuwa na mwisho, na kwenye karatasi ilikuwa na tarakimu ya mwisho. Kitu chenye tarakimu ya mwisho unaweza kukigawanya kwa miezi.

Niliapa kwamba wakopeshaji watachukua nyumba. "Umesikia au umewaza?" Nilikuwa nimewaza. Nikaenda kuuliza, miguu ikitetemeka, wakanipa muda mrefu zaidi wa kulipa. Riba hawakuifuta, na sikutegemea waifute. Niliapa pia kwamba hakuna mdaiwa atakayekumbuka deni daftari likishaungua. Hapo nilikuwa nusu sahihi. Mama mmoja alikuja bila kuitwa, akalipa kidogo, akarudi mwezi uliofuata akalipa tena. Mwingine, mwenye hereni za dhahabu masikioni, aliniambia kwa uso mkavu kwamba daftari likiungua na deni limeungua. Wote wawili niliwaandika. Daftari linaruhusu watu wa aina zote.

Biashara za mji zilitawanyika: Ruvumera, Jabe, Kinindo, Kwa Siyoni. Mimi nilitandika turubai chini, Ruvumera, hatua chache kutoka kwa Shangazi na harufu ya ndagala zake. Mvua ikinyesha tulikunja, jua likitoka tulitandika. Jioni Shangazi alikuwa na kanuni yake: kabla ya kusimulia kilichokwama, taja kwanza kilichokwenda. Nilimwona kama mtu anayechezea watoto. Siku nyingi kilichokwenda kilikuwa kidogo kama kitambaa kimoja cha mtoto, au mteja wa zamani aliyeniona akashangaa kwamba nipo. Lakini kilikuwa kimetokea kweli, na kesho yake niliweza kukirudia: kama wanaonunua ni akina mama wa watoto wachanga, basi lete vipande vidogo. Kwa njia hiyo turubai likawa meza. Sikusikia badiliko lolote kubwa moyoni. Niligundua tu, baada ya muda, kwamba nilikuwa nimeacha kumzika mtoto kila alipochelewa.

Miaka baadaye binti yangu alisoma saikolojia chuo kikuu, akanisomea maandishi yake jioni moja, tukacheka sana. Kulikuwa na daktari wa Philadelphia, Aaron Beck, ambaye katika miaka ya 1960 aligundua kwamba wagonjwa wake wenye huzuni nzito hupitiwa na mawazo ya haraka yanayojitokeza yenyewe, nao huyapokea kama habari zilizothibitishwa. Tiba aliyoijenga ina mambo mengi, lakini kiini chake ni kumfundisha mgonjwa kuuliza ushahidi wa wazo uko wapi. Binti akasema Shangazi alistahili sehemu ya sifa.

Jambo jingine alilonisomea halikunichekesha. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, nao wa mji huohuo wa Philadelphia, walichapisha majaribio ya mbwa waliopigwa umeme bila njia ya kuukwepa. Baadaye, hata walipowekwa mahali ambapo wangeweza kuruka kizingiti na kupona, wengi walilala chini tu. Wataalamu hao wakasema mbwa wamejifunza kukata tamaa. Karibu miaka 50 baadaye, mwaka 2016, wawili haohao waliandika kwamba walikuwa wamelisoma jambo hilo kinyume. Kulala chini hakufundishwi; ndivyo ubongo unavyofanya wenyewe mateso yakiwa marefu. Kinachofundishwa ni kule kujua kwamba tendo langu linaweza kubadili kitu. Nilimwambia arudie kusoma. Nilikuwa nimebeba aibu kwa siku zile za kulala ndani baada ya moto, na hapa wataalamu walikuwa wakiniambia kwamba kulala kule ndiko kulikokuwa kwa kawaida, na kazi ilikuwa lile daftari.

Hatuko peke yetu Afrika katika hili. Harare, kuanzia 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani, mwanzo 14 tu, kuketi kwenye benchi nje ya kliniki na mtu aliyelemewa na mawazo. Bibi anasikiliza, anamsaidia kuchagua tatizo moja kati ya mengi, wanapanga hatua moja, mtu anakwenda kuifanya na kurudi. Mwaka 2016 utafiti wao uliochapishwa katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliopita kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Tatizo moja, si yote. Shangazi angekubaliana nao, ila angeuliza kwa nini benchi liko nje juani.

Ninaowaogopa sasa ni wauza matumaini. Bujumbura inao wengi, wenye vipaza sauti na wenye video za simu. Wanakuambia ulione gari akilini nalo litakuja. Gari likija, petroli utaipata wapi? Tangu 2021 tumejua foleni za mafuta zinazolala vituoni, na hakuna aliyejaza tangi kwa kuwaza vizuri. Mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilipanda likaingia majumbani mwa watu Kibenga na Gatumba, na mwenye fikra chanya na mwenye fikra hasi walibeba magodoro sawasawa. Mtafiti wa Kijerumani, Gabriele Oettingen, aliwafuatilia wanawake waliotaka kupunguza uzito: waliotarajia kufanikiwa walipungua zaidi, lakini waliojiburudisha kwa ndoto tamu za jinsi watakavyopendeza walipungua kidogo kuliko waliowaza pia majaribu ya njiani. Ndoto huwa inakulipa kabla hujafanya kazi.

Tena kuna siku ambazo jibu la lile swali ni "nimesikia." Mwishoni mwa Aprili 2015 maandamano yalipoanza, risasi zilisikika Musaga na Nyakabiga, sikuziwaza. Nilikusanya bidhaa, nikafunga mfuko, watoto wakalala kwa Shangazi. Baada ya jaribio la mapinduzi la mwezi Mei, redio za binafsi zikashambuliwa na kunyamazishwa, RPA, Isanganiro, Bonesha, na uvumi ukarudi kama zamani, safari hii ndani ya simu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko miaka ya 1990, kwa sababu uvumi wa simu huja na picha, na mtu husema ameona. Shangazi, ambaye hakuwa na simu ya namna hiyo, alirekebisha swali lake: "Picha hiyo ya wapi, na ya lini?"

Nikitaka mfano kwa vijana wanaokuja kuninung'unikia, simtafuti tajiri. Namtaja Francine Niyonsaba, msichana wa Ruyigi, aliyeshinda medali ya fedha ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Rio 2016. Mwaka 2019 kanuni za homoni za riadha ya kimataifa zikamfungia mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja, mbio zake. Kanuni ile naiona ya dhuluma, na sitamwambia mtu aione vingine. Yeye alihamia mbio ndefu. Tokyo 2021, mchujo wa mita 5,000, aliondolewa kwa kukanyaga nje ya njia yake. Siku chache baadaye akakimbia fainali ya mita 10,000 akawa wa tano. Septemba mwaka huohuo, mjini Zagreb, alivunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 kwa dakika 5 na sekunde 21.56, rekodi iliyodumu hadi 2024. Mlango uliofungwa ulibaki umefungwa. Alihesabu mbio zilizobaki.

Lazima niseme na hili, kwa sababu daftari lina mpaka wake. Kuna mawazo ambayo hayasikii swali lolote: mtu halali kwa wiki nyingi, hali chakula, hataki kuishi. Huo ni ugonjwa, na unatibiwa. Hapa mjini kuna hospitali ya magonjwa ya akili ya Kamenge, inayoendeshwa na mabruda Wakatoliki, inayopokea watu wa dini zote. Buyenzi bado kuna watu wanaomficha mgonjwa chumbani kuliko kuonekana kwenye lango lile. Aibu hiyo imeua watu ambao vita havikuwaua.

Basi wewe unayesoma haya, ukiwa na jirani aliyejifungia ndani baada ya hasara, usiende kumwambia ajipe moyo. Nenda na kalamu. Muulize nani anamdai na kiasi gani, yeye anamdai nani, na nini hakikuungua. Akikujibu kwamba yote yamekwisha, muulize kwa upole kama amesikia au amewaza, na usiondoke mpaka mmeandika mstari wa kwanza.